Kwa Nini Nairudia "Nyota ya Rehema"

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinikuta nimekaa barazani Kibokoni baada ya sala ya Alasiri, mkononi nina kitabu kisicho na jalada. Akakichukua, akatazama ukurasa wa kwanza, akaniuliza, "Ami, hiki si ndicho ulichokuwa nacho Ramadhani ya mwaka juzi?" Nikamjibu ndicho. "Kwani hukukimaliza?" Nikamwambia nilikimaliza, tena si mara moja. Akanirudishia kitabu changu kwa upole, kama mtu anayemrudishia mgonjwa kikombe cha dawa.

Sikumlaumu. Hapa kwetu riwaya imekuwa kitu cha mtihani. Mtoto hununuliwa kitabu akiwa kidato cha tatu, akakipiga mistari kwa kalamu nyekundu, akakariri wahusika, maudhui na tamathali za usemi, akafanya KCSE, na baada ya hapo kitabu kinakwenda kwa muuza vitabu vikuukuu au kinachanwa kufungiwa njugu. Ukimwuliza baada ya miaka kumi anakumbuka majina mawili na swali moja la insha.

Lakini kurudia maneno si jambo geni Mvita. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa yapata mwaka 1858 na mama aliyekuwa akimuusia bintiye, na wanawake wa mwambao waliuhifadhi wakausoma kwa sauti maisha yao yote. Hakuna aliyemwambia nyanya yake, "Huo si ulishausoma?" Maulidi tunayasoma kila mwaka na hatuyachoki. Ni riwaya peke yake tuliyoihukumu kusomwa mara moja, nadhani kwa sababu tunaona kazi ya hadithi ni kutuambia mwisho ulikuwaje. Ukishaujua mwisho, umemalizana nayo.

Kama hilo lingekuwa kweli, basi hadithi ya upelelezi ndiyo isiyofaa kabisa kurudiwa. Nami "Mzimu wa Watu wa Kale" nimeisoma si chini ya mara tano. Muhammad Said Abdulla wa Unguja alishinda nayo mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Mara ya kwanza nilikimbia kurasa nikimtafuta muuaji kama kila mtu. Mara ya pili nilikwenda taratibu kumtazama mwandishi mwenyewe, wapi ameweka ishara na wapi amenipumbaza. Tangu hapo naisoma kwa ajili ya Bwana Msa na kiko chake, mtu anayeingia mahali ambapo kila mmoja anaogopa mzimu, naye anauliza tu nani alikuwa wapi saa ngapi. Nikiona mtaa umetaharuki kwa uvumi uliotumwa kwenye simu, hukirudia kitabu hicho usiku ule ule. Kinanituliza.

Ziko ambazo sikuzirudia, na haki niseme. "Uhuru wa Watumwa" cha James Mbotela, kilichotoka 1934, ni kitabu cha hapa hapa kwetu. Kinahusu watumwa waliokombolewa na kuwekwa Freretown, ng'ambo ya maji tu kutoka Mji wa Kale, na wengi hukitaja miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa za Kiswahili. Nilikisoma mara moja kwa ajili ya historia. Sifa zinazomwagiwa Waingereza humo zilinitosha mara hiyo moja.

"Kusadikika" ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, mimi huifungua kila mwaka wa uchaguzi. Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, anasimama mbele ya baraza, na badala ya kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi wakarudi na mambo mema, wakatiwa gerezani. Nikiwa shule niliiona kavu, nchi inayoelea angani isiyo na harufu ya chakula wala kelele za soko. Sasa nikisikia mheshimiwa anavyomjibu mtu aliyeuliza pesa za mradi wa maji zilikwenda wapi, naona kitabu kile si kikavu hata kidogo.

Na "Kuli" ya Adam Shafi nairudia kwa sababu ya babangu. Babangu, Allah amrehemu, alikuwa karani bandarini Kilindini, mtu wa kalamu na daftari, na nyumbani aliwataja makuli kama watu wa kelele tu. Riwaya ile, iliyotoka 1979, inamfuata kijana Rashidi anayeingia kazi ya bandari Unguja mpaka kwenye mgomo wa 1948. Niliposoma mara ya kwanza nilidhani ni mambo ya Unguja. Baadaye ndipo nikajua kuwa Mombasa ilitangulia: Januari 1947 mji huu ulisimama karibu wiki mbili, bandari, reli, hoteli, hata watumishi wa majumbani, na Chege Kibachia akaibuka kiongozi wa wafanyakazi mpaka serikali ya kikoloni ikamkamata mwaka huo huo. Hakuna aliyenisimulia hayo nikiwa mtoto, nami nimezaliwa mwendo wa dakika chache kutoka lango la bandari. Riwaya ya Unguja ndiyo iliyonituma kutafuta historia ya nyumbani.

Nina binti wa miaka kumi na sita. Hilo peke yake limenibadilishia vitabu viwili. Cha kwanza ni "Utengano" ya Said Ahmed Mohamed, ambamo Bwana Maksuudi anamfungia mwanawe Maimuna ndani akidhani ndio kumhifadhi. Zamani nilimwona Maksuudi ni shetani wa hadithi tu, wa kutiwa humo ili tumchukie. Nilipoisoma tena mwaka jana nilijikuta nahesabu ni mara ngapi mimi mwenyewe nimesema "hapana" nyumbani bila ya kueleza sababu. Sina maana kwamba nafanana naye. Lakini nilihesabu. Cha pili ni "Vuta N'kuvute", ya Adam Shafi pia, ya 1999, ambayo Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021. Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka kumi na mitano, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara wa umri wa babake, na sehemu ya kisa inapita hapa hapa Mombasa. Kijana huisoma kwa ajili ya Denge na siasa za kupigania uhuru, na ni kweli zinasisimua. Mzazi huisoma kwa ajili ya zile kurasa za mwanzo, pale watu wazima wanapokubaliana jambo na msichana hajaulizwa.

"Siku Njema" ya marehemu Ken Walibora, ya 1996, sitaikalia sana, kwa kuwa wengi wenu mnaijua. Niseme tu kwamba kila nikipita barabara ya Msanifu Kombo hapa mjini humkumbuka yule kijana wa Tanga mwenye jina hilo, anayevuka mpaka kumtafuta babake. Na "Peponi", riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka 2022, baada ya mwandishi kupata Nobeli ya 2021, nimeisoma mara mbili tu kufikia sasa. Yusuf anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe yeye ni rehani ya deni la babake. Nikiisoma kwa Kiswahili nilihisi kitabu kimerudi kwao. Najua itanirudisha.

Sasa nifikie hicho kisicho na jalada.

"Nyota ya Rehema" ya Mohamed Suleiman Mohamed ilitoka mwaka 1976. Rehema ni binti wa Fuad, mtu mwenye mashamba. Mamake anafariki naye bado mdogo, anabaki mikononi mwa mama wa kambo, anateseka, anatoroka, na mjini dunia haimpokei vizuri. Baadaye anakutana na Sulubu, mkulima maskini, mtu wa jasho lake, wakaoana. Babake anakuja kumpa kipande cha shamba. Wanakilima, kinawapa riziki. Kisha Fuad anafariki, na warithi wengine wanakuja kudai. Rehema ana neno la babake, hana karatasi. Mwisho sitausema.

Mara ya kwanza nilikisoma mwaka 1997, nina miaka kumi na saba. Niliwachukia wale waliokuja kudai shamba. Niliwachukia kama wanavyochukiwa watu wabaya wa filamu, na nilipofunga kitabu nilijiona mtu mwema kwa sababu tu nilikuwa nimewachukia.

Mara ya pili ilikuwa 2009, babangu alipofariki. Sikutafuta shamba wala haki. Nilisoma habari za mzee na bintiye, yale wanayoshindwa kuambiana, na nilikuwa na yangu niliyoshindwa kumwambia mzee. Shamba lilinipita kama jambo la pembeni.

Mara ya tatu inahitaji maelezo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na nyumba ya ghorofa Mji wa Kale, si mbali na Ndia Kuu, yenye kuta nene za mawe na dirisha la juu linaloona Bandari ya Kale. Shangazi yangu aliachwa na mumewe mwaka 1987, akarudi na mtoto mmoja na masanduku mawili. Babu akampa kile chumba cha juu. Siku moja, nami nina miaka kumi hivi, nilikuwa nimekaa sakafuni nikimsaidia shangazi kuchambua mbaazi. Babu akaja akasimama mlangoni na fimbo yake, akasema, "Chumba hiki nimekupa. Ni chako. Hapana atakayekutoa." Kisha akashuka kwenda kuswali. Mbaazi zile nakumbuka hata sinia lake.

Babu alifariki 1998. Nyumba haikugawanywa, kama kawaida yetu. Kila mtu alikaa alipokuwa amekaa, na mwenye kodi ya chini akaendelea kulipa. Babangu akafariki. Mwaka 2016 akatokea mnunuzi na pesa taslimu, na ukoo ukakutana ukumbini baada ya Isha. Shangazi akasema chumba cha juu kisihesabiwe, babake alimpa. Ami yangu mkubwa, wala si mtu mbaya, akauliza, "Nani alisikia?"

Shangazi akanitazama mimi.

Nilikuwa na karo ya muhula. Nilikuwa na deni la kiwanja Mtwapa ambalo mwenyewe aliniahidi kulivunja kama sikulipa mwisho wa mwezi. Mnunuzi alitaka nyumba nzima au asinunue. Nilitazama mkeka. Swali likapita, na mazungumzo yakaendelea kwenye bei.

Kwa faida ya msomaji nieleze sheria inavyokaa, maana nilikwenda kuuliza baadaye, wakati kuuliza hakukuwa na faida tena. Zawadi ya mtu aliye hai, hiba, ina mambo yake: mwenye kutoa atoe kwa tamko, mwenye kupewa akubali, na kitu chenyewe kikabidhiwe, yaani kitoke mikononi mwa mtoaji. Ikitimia hivyo, si mirathi tena. Haihesabiwi mtoaji akifa. Wasia ni jambo jingine: hauzidi theluthi ya mali, na hapewi mrithi isipokuwa warithi wenzake wakubali. Ugumu wa chumba cha shangazi ulikuwa kwenye kukabidhi. Je, alikaa mle kwa kuwa ni chake, au kwa kuwa ni binti aliyerudi kwao? Babu aliendelea kukaa nyumba ile ile. Aliyekuwa na ufunguo wa mlango mkubwa ni nani? Sheikh niliyemuuliza alisema ingetegemea ushahidi, na kwamba kadhi angesikiliza. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imewapa mahakama za kadhi mirathi ya Waislamu wanaokubali kufika mbele yake. Hatukufika mbele ya yeyote. Pengine angeshindwa hata kama ningesema. Mimi mmoja, na wakati wa tamko nilikuwa mtoto. Lakini sikusema, na hilo halimhusu kadhi.

Basi shangazi akapata fungu la binti, nusu ya la ndugu yake. Mimi na ndugu zangu tukapokea fungu la babetu. Mahesabu yalikuwa sahihi hata shilingi. Yeye akahamia chumba cha kupanga Majengo.

Miezi michache baadaye nilikuwa napanga vitu, nikakuta "Nyota ya Rehema" chini ya sanduku, jalada limeliwa na mchwa. Nikaanza kusoma kwa kujiliwaza. Nilikuwa nikimtafuta Rehema, yule yule niliyemhurumia nikiwa na miaka kumi na saba. Nikafika kwenye kudai shamba, na nikashindwa kuwachukia wale watu kama zamani. Niliwaelewa. Wao hawakuvunja mlango wa mtu usiku. Wamekuja mchana, na sheria upande wao, na kila mmoja wao pengine ana karo yake na kiwanja chake. Nilipokuwa kijana nilidhani kitabu kile kimegawa watu wema upande huu na wabaya upande ule. Kumbe mgao ule niliutia mimi.

Nilimwona Fuad pia, ambaye mara zote mbili nilimpita. Mzee anatoa kwa moyo safi, halafu hamalizi. Ingemgharimu nini kuita watu wawili na kipande cha karatasi? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, nasi tunaisoma kwa tajwidi nzuri kabisa, kisha tunagawa nyumba kwa kusimama mlangoni. Babu yangu alikuwa mtu wa msikitini. Alimpenda bintiye. Alisema, akashuka kuswali.

Hayo ndiyo nilishindwa kumweleza yule kijana barazani. Aliniuliza kama sikukielewa kitabu. Mwaka 1997 nilikielewa vizuri sana. Ningepata alama zote. Maneno ni yale yale, hakuna hata nukta iliyoongezwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikihama, mara hii niko kwa Rehema, mara ile nimekaa na warithi. Kuna vitabu ambavyo ukivirudia unakuta viko pale ulipoviacha, vimekwisha utamu. Hivyo vigawe, visikujazie kabati. Kinachofaa kurudiwa mimi nakijua kwa ishara moja: mara ya pili nakasirikia mtu mwingine kuliko niliyemkasirikia mara ya kwanza.

Nilikwenda Majengo mwaka 2017 nikamwambia shangazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Akanimiminia chai, akasema, "Nilijua. Nilikuona ukitazama mkeka." Basi. Tangu hapo nachangia kodi yake ya kila mwezi, na yeye huipokea kama haki yake, bila ya kushukuru, na napendelea iwe hivyo. Kiwanja cha Mtwapa, ambacho nilikuwa nimempa binti yangu kwa mdomo siku aliyohitimu darasa la nane, nimekiandikisha mbele ya mashahidi wawili. Mke wangu aliniuliza haraka ya nini, nani anakufa.

Shangazi sasa macho yamepungua nguvu. Jicho moja limefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la pili bado. Hawezi kusoma, na redio inamchosha kwa matangazo, kwa hivyo kila Jumamosi baada ya Alasiri nampelekea mahamri na namsomea. Tulianza na Bwana Msa, akacheka sana. Tulipomaliza nilimwuliza anataka kipi. Akasema kile cha Rehema, alikisikia zamani watu wakikisifu, hakuwahi kukisoma. Nikamtajia vingine vitatu. Akasema kile cha Rehema.

Yeye husikiliza akiwa amefumba macho, kitambaa mkononi, na mara kwa mara hunisimamisha kuuliza fulani ni nani kwa fulani. Mama wa kambo alimlaani mara mbili kwa sauti. Sulubu anampenda; alisema mwanamume kama huyo hapatikani Mombasa hii.

Jumamosi iliyopita tulifika pale Fuad anapompa Rehema shamba. Nilisoma mpaka mwisho wa sura. Shangazi akafumbua macho.

"Aliandika?"

Nikamwambia hatujafika huko. Adhana ya Magharibi ilikuwa imeanza, nikaweka alama kwenye ukurasa.